Meymand: kijiji chenye makazi matatu na hesabu moja

Karani wa sensa wa Iran hupiga hodi mwezi wa Aban. Ni mwezi wa nane wa kalenda yao ya jua. Kwetu huanza Oktoba 23 hivi na kwisha Novemba 21. Sensa ya kwanza ya taifa zima, ya mwaka 1956, iliangukia humo, na ya 2006 na ya 2011 vilevile. Mavuno yamekwisha, theluji haijafunga njia, na karani anaweza kutembea kutoka nyumba hadi nyumba bila kukwama. Kwa sehemu kubwa ya nchi, Aban ni mwezi mwafaka.

Kwa Meymand ndio mwezi mgumu kuliko yote. Kijiji hiki kiko mkoa wa Kerman, kusini-mashariki mwa Iran, na wafugaji wake hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Mwishoni mwa majira ya baridi hupeleka mbuzi na kondoo kwenye malisho ya nyandani, kiangazi hupanda bustanini, na baridi inaporudi huingia kwenye nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba. Aban inawakuta baina ya hatua mbili: bustani zimeanza kupoa, na nyumba za mwambani ndiyo kwanza zinafagiliwa. Katika hali hiyo, sensa ya 2006 iliandika kwamba Meymand ina watu 673 katika kaya 181.

Namba hiyo ndiyo kisa chenyewe. Si kwamba ni ya uongo. Karani alifanya kazi yake. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi namba moja, iliyochukuliwa katika wiki chache za mwezi mmoja, inavyobeba mzigo wa kuamua kijiji kitaongozwa na nani, kitapata fedha kiasi gani, na iwapo kitaendelea kuitwa kijiji.

Mahali penyewe

Usichanganye Meymand hii na mji wa Meymand ulioko mkoa wa Fars, unaosifika kwa maji ya waridi. Tunayoizungumzia iko wilaya ya Shahr-e Babak, kilomita kama 36 kutoka makao makuu ya wilaya, mwishoni mwa bonde ambako milima ya katikati ya Iran inaishia. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni haba, kiangazi ni kikali, na majira ya baridi yanauma kwelikweli.

Mwamba wa pale ni laini kiasi cha kuchongwa kwa mkono, na wenyeji waliuchonga. Ukisimama upande wa pili wa bonde unaona vinywa vya nyumba vimepangana mlimani, safu juu ya safu, mahali pengine hadi safu tano. Nyumba moja huitwa kiche. Nyingine ni chumba kimoja tu, nyingine zina vyumba hadi saba, pamoja na mahali pa mifugo. Zilizotambuliwa ni takriban 400, ingawa nyingi si nzima tena. Upo pia msikiti uliochongwa mwambani, bafu la umma, husainia, yaani ukumbi wa maombolezo ya Muharram, na hata shule. Husemwa kwamba baadhi ya nyumba zimekaliwa kwa miaka elfu mbili au tatu.

Ndani ya kiche, kuta na dari ni nyeusi tii. Ni masizi ya moto uliokuwa ukiwashwa katikati ya chumba majira baada ya majira, wa kupikia na wa kuota. Mtalii akiona weusi ule anaweza kudhani nyumba imetelekezwa, kumbe ni alama ya kukaliwa. Kiche inayong'aa kwa weupe wa jiwe ndiyo ya kuulizia habari zake.

Lakini picha hiyo ya mapango, iliyoenea duniani, ni theluthi moja tu ya kijiji. Makazi ya pili huitwa Sar-e Aghol. Aghol ni zizi. Jina linasema penye zizi, na ndiko watu walipo kuanzia mwisho wa majira ya baridi hadi karibu na kiangazi, wakati wa kuzaliana kwa mifugo na wa maziwa. Huko kuna nyumba za aina ya markhaneh, za duara, zilizochimbiwa nusu ardhini ili upepo upite juu, zenye kuta fupi za mawe yasiyo na udongo wa kushikiza na paa la miti lililofunikwa michongoma ya mwituni. Makazi ya tatu ni Sar-e Bagh. Bagh kwa Kiajemi ni shamba la miti ya matunda, penye uvuli. (Neno letu bustani nalo lilitoka kwao.) Sar-e Bagh ziko kando ya mito ya msimu, na humo watu hukaa kiangazi na mwanzo wa vuli, katika vibanda vyepesi vya mawe na matawi, wakitunza matunda na kulima.

Kwa hiyo ukimwuliza Mmeymand mfugaji, "Kwako ni wapi?" ana majibu matatu, na yote ni ya kweli.

Sheria iliyoona mbali

Mwaka 1983 bunge la Iran lilipitisha sheria ya maelezo na vigezo vya mgawanyo wa nchi. Ndiyo inayosema mkoa ni nini, wilaya ni nini, na inaanza kutoka chini, kwenye kijiji, ambacho inakiita kituo cha mwanzo cha mgawanyo wote. Kijiji, kwa maneno ya sheria hiyo, ni eneo lenye mazingira ya aina moja na mipaka inayojulikana kwa hati au kwa desturi, ambamo kaya zisizopungua 20 au watu 100, wawe wamekaa pamoja au wametawanyika, wana makazi ya kudumu au ya msimu, na wengi wao wanaishi kwa kilimo, ufugaji, bustani, uvuvi au ufundi wa kijijini.

Nimeyarudia mara kadhaa maneno hayo: ya kudumu au ya msimu, pamoja au wametawanyika. Aliyeyaandika aliijua nchi yake. Alijua kwamba milima ya Zagros na ya Kerman imejaa watu wanaopanda na kushuka na mifugo, na hakutaka wafutwe kwa sababu tu mlango wao umefungwa siku fulani. Kwa kipimo hiki Meymand ni kijiji kamili, iwe Januari au Juni. Kaya zake 181 ni mara tisa ya kiwango cha chini.

Tatizo linaanza pale sheria inapoachia kazi dodoso. Sensa ya Iran haihesabu kama yetu. Tanzania, kwa mfano, sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Mgeni akilala kwako, anahesabiwa kwako. Iran humhesabu mtu kwenye makazi yake ya kawaida, hata kama siku hiyo hayupo. Kaya ni watu wanaoishi pamoja, wanaochangia matumizi na kwa kawaida kula pamoja. Ni utaratibu mzuri kwa watu wa mjini, maana aliyesafiri siku mbili hafutiki. Lakini unataka kila kaya iwe na mahali pamoja panapoitwa pa kawaida. Familia yenye zizi nyandani, bustani mtoni, kiche bondeni na, mara nyingi siku hizi, nyumba ya matofali mjini Shahr-e Babak ambako watoto wanasoma, inabidi ichague. Hiyo nyumba ya mjini ni makazi ya nne, na ndiyo yenye nguvu ya kuwavuta.

Wastani wa kaya nao unasema kitu. Watu 673 kwa kaya 181 ni watu 3.7 kwa kaya. Mwaka huohuo wastani wa taifa zima, miji ikiwa ndani, ulikuwa watu 4 kwa kaya. Kijiji cha wafugaji kingetarajiwa kuwa juu ya wastani wa taifa, si chini. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ndogo inaonyesha kaya za wazee wawili, au mama mmoja na mwanawe, ambazo vijana wake wameshaandikwa kwenye fomu za mjini. Kiangazi wanapokuja kusaidia kuchuma, au sikukuu ya Noruzi, mwaka mpya wa Kiajemi, inapowarudisha nyumbani, hawamo katika 673.

Iran ina kitabu kingine cha hesabu. Kwa wahamaji wa kweli, wale wa makabila kama Bakhtiari na Qashqai, ilifanyika sensa ya peke yake mwaka 1987, 1998 na 2008. Ya 1987 ilipata watu milioni 1.15, na ya 2008 milioni 1.19. Wahamaji wana ofisi zao zinazowahusu, shule zao za hema, mgao wao wa maji na chakula cha mifugo. Meymand haimo humo, maana kwa vitabu vya serikali ni kijiji, na watu wake ni wanavijiji. Wanafanya kazi za mhamaji, lakini wanasimamiwa kama watu waliotulia. Hapo ndipo nilipoona kwamba kisa hiki kinastahili kuandikwa.

Ngazi ya utawala

Kwa msomaji aliyezoea mkoa, wilaya, tarafa, kata na kijiji, ngazi ya Iran haitampa shida. Juu ni ostan, yaani mkoa. Iko 31 tangu mwaka 2010, ulipomegwa mkoa wa Alborz kutoka Tehran. Chini yake shahrestan, wilaya. Kisha bakhsh, ambayo ni kama tarafa. Kisha dehestan, mfano wa kata. Mwisho rusta, kijiji. Mkuu wa mkoa ni ostandar, wa wilaya ni farmandar, wa tarafa ni bakhshdar, na wote hao mamlaka yao yanatoka Wizara ya Mambo ya Ndani. (Hata neno letu serikali asili yake ni Kiajemi, sarkar; utawala na maneno yake vilisafiri pamoja.)

Meymand iko katika dehestan yenye jina lake, tarafa ya kati ya Shahr-e Babak. Kila ngazi ina kizingiti cha watu. Dehestan, kwa sheria ya 1983, ilitakiwa kuwa na watu 8,000 penye msongamano, 6,000 penye wastani, na 4,000 hata penye watu wachache kabisa. Tarafa ilitakiwa 30,000 au 20,000. Wilaya 120,000 au 80,000. Vijiji vikipungua watu, ngazi yote inayumba, kwa hiyo si wazee wa kijiji peke yao wanaohofia hesabu. Afisa wa tarafa naye anaihofia.

Chini kabisa mambo yamebadilika sana ndani ya miaka mia moja. Zamani alikuwako kadkhoda, mkuu wa kijiji. Sheria ya 1935 ilimfanya kuwa mtu wa serikali, lakini katika vijiji vya mabwana wa ardhi jina lake lilipendekezwa na bwana mwenyewe, naye alijua anamtumikia nani. Mageuzi ya ardhi yaliyoanza 1962 yalivunja nguvu ya mabwana hao, na kadkhoda akafifia nao. Mapinduzi ya 1979 yakaja na Jihadi ya Ujenzi, vijana waliopeleka barabara, umeme na maji ya bomba vijijini. Katiba mpya, katika kifungu cha 100, ikaahidi mabaraza ya kuchaguliwa hadi ngazi ya kijiji. Ahadi hiyo ilisubiri miaka ishirini. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza nchi nzima ulifanyika Februari 26, 1999.

Kijiji chenye watu wasiozidi 1,500 hupata wajumbe watatu wa baraza. Meymand kwa 673 iko humo. Wajumbe hao wanamchagua dehyar, naye bakhshdar anampa barua ya kazi, kwa kipindi cha miaka minne. Sheria ya kuanzisha ofisi za dehyar ni ya 1998. Dehyar anafanana na mtendaji wa kijiji kwa kazi zake: usafi, vibali vidogo, mitaro, makaburi, taarifa kwa tarafa. Tofauti ni kwamba anachaguliwa na baraza la wenyeji wenyewe, na ofisi yake ilikusudiwa ijitegemee kwa mapato.

Mapato hayo ndiyo yanayoturudisha kwenye sensa. Kijiji cha wafugaji hakina kiwanda wala maduka ya kutoza ushuru. Sehemu kubwa ya fedha za dehyar hutoka kwenye mgao wa kodi ya ongezeko la thamani, na mgao huo hupimwa kwa idadi ya watu. Kila kaya inayoandikwa mjini badala ya Meymand inaondoka na fungu lake. Lakini barabara inayohitaji kusawazishwa haikufupika. Wala chemchemi hazikupungua idadi, na njia za mifugo ni zilezile. Kwa kweli kijiji chenye makazi matatu kina matengenezo mengi kuliko kijiji cha watu wale wale waliokusanyika mtaa mmoja. Mgao unahesabu vichwa tu.

Hali ni kali zaidi kwa vijiji vidogo. Iran ilikuwa na takriban vijiji 62,000 vyenye wakazi katika sensa ya 2016, na vingi havifikii hata kaya 20. Pakiwa na kaya mbili tatu tu, idadi ya watu haichapishwi kabisa, ili siri za familia hizo zisijulikane. Nakubaliana na sababu hiyo kabisa. Hata hivyo kijiji cha namna hiyo hubaki jina na namba ya msimbo kwenye jedwali, na mahali pa watu pana alama tu. Makazi ya msimu ya nyandani, kama Sar-e Aghol, karani akiyapita Aban, anaweza asikute mtu hata mmoja.

Chati ya ukutani

Kuna hesabu nyingine kijijini ambayo naipenda kuliko sensa, na ningependa watu wa utawala waijue zaidi.

Tangu miaka ya 1980 Iran imejenga nyumba za afya vijijini. Kila moja hukusudiwa kuhudumia watu kama 1,500, na mhudumu wake huitwa behvarz. Huchaguliwa kutoka vijiji hivyohivyo, husomeshwa miaka miwili karibu na nyumbani, kisha hurudi kuhudumia majirani zake. Ukutani mwa nyumba ya afya hutundikwa chati inayoitwa zij-e hayati. Zij ni neno la kale la majedwali ya wanajimu. Hayati ni ya uhai. Katikati ya chati kuna duara, na humo behvarz huandika kila aliyezaliwa, kila aliyekufa, mwezi gani, kwa sababu gani. Pembeni kuna jedwali la watu wote kwa umri na jinsia. Mwanzoni mwa kila mwaka wa Kiajemi, baada ya Noruzi ya Machi 20 au 21, behvarz hupita nyumba kwa nyumba na kuhesabu upya.

Kijiji kikuu chenye nyumba ya afya hufuatwa na vijiji vidogo vinavyoitwa qamar, yaani mwezi, kwa sababu vinakizunguka kama mwezi unavyozunguka dunia. Behvarz hana budi kuvifuata kwa miguu, kwa pikipiki au kwa gari.

Angalia sasa. Sensa ya taifa huhesabu Aban, mlango wa baridi. Behvarz huhesabu Farvardin, mwezi wa kwanza wa kalenda yao, mlango wa masika. Kwa kijiji cha kawaida majira hayo mawili yatatoa karibu namba moja. Kwa wafugaji wa Meymand, Farvardin ni wakati wa mazizi ya nyandani. Kwa hiyo serikali moja inakiona kijiji kimoja katika sehemu mbili tofauti za mwaka wake, kwa macho ya watu wawili tofauti: mmoja amekuja na dodoso na ataondoka, mwingine anajua mama yupi ni mjamzito na mzee yupi amehamia kwa bintiye mjini. Behvarz haulizi makazi ya kawaida ni wapi kwa maana ya karatasi. Anauliza nani nitamchanja mwezi ujao, na nitamkuta wapi. Kwa swali hilo, zizi, bustani na kiche vyote vinahesabika.

Mwenye nyumba mwingine

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya urithi wa utamaduni ya Iran iliweka kituo Meymand. Mwaka 2005 kijiji kilipata tuzo ya Melina Mercouri, inayotolewa na UNESCO pamoja na Ugiriki kwa utunzaji wa mandhari ya kiutamaduni. Julai 2015, katika mkutano uliofanyika Bonn, Ujerumani, Meymand ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Eneo lililoandikishwa ni karibu hekta 4,950, na nje yake kuna ukanda wa kinga mkubwa zaidi.

Nataka jambo moja lieleweke vizuri, kwa sababu wengi hulikosea. UNESCO haikuandikisha mapango. Iliandikisha mandhari, pamoja na mzunguko wa watu na mifugo ndani yake: zizi, bustani na kiche, vyote vitatu. Kigezo kilichotumika ni kile kinachohusu namna watu walivyoitumia ardhi kwa mfano usio wa kawaida, hasa pale mfano huo unapokuwa hatarini. Kilichothaminiwa ni kuhama kwenyewe. Ni ajabu na ni haki: tabia ileile inayowapa shida makarani wa sensa ndiyo iliyokipa kijiji hadhi ya dunia.

Kiutawala, hata hivyo, kijiji kilipata mamlaka ya pili. Mtu akitaka kupanua mlango wa kiche ya babu yake, kuvuta bomba ndani, au kujenga chumba cha matofali karibu na mazizi, neno la dehyar peke yake halimtoshi. Watu wa urithi wana neno pia, na kwa sababu nzuri; mwamba laini ukitobolewa vibaya huanguka, na ukuta wa saruji kando ya markhaneh unaharibu kila kitu. Lakini dehyar anawajibika kwa baraza lililopigiwa kura na wenyeji, na afisa wa urithi anawajibika kwa wakubwa wake, ambao tangu 2019 ni wizara kamili. Wanaopiga kura ni wanakijiji waliobaki, na wanazidi kupungua. Wanaokuja kutazama ni maelfu.

Sioni ubaya katika kituo cha urithi. Bila kazi ya watu hao, kiche nyingi zingekuwa zimebomoka. Ninachokiona ni upungufu wa mpangilio: ngazi ya utawala ya 1983 haikuwa na nafasi ya kijiji chenye thamani inayozidi idadi ya watu wake. Kijiji kikikua watu, kinapandishwa daraja kuwa mji na kupata manispaa. Kijiji kinachopata hadhi ya dunia huku kikipungua watu hakipandi popote. Kinabaki na wajumbe watatu, dehyar mmoja, na mgao wa vichwa 673 au wowote waliobaki.

Wanaoondoka

Wanaondoka kwa sababu zilezile zinazowaondoa wanavijiji wa Iran nzima. Mwaka 1956 watu wa mijini walikuwa asilimia 31 ya nchi. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 74. Wanavijiji walikuwa milioni 22.1 mwaka 2006, milioni 21.4 mwaka 2011, milioni 20.7 mwaka 2016, huku taifa likikua kutoka milioni 70.5 hadi 79.9. Shahr-e Babak, mji wenyewe, umepita watu 50,000. Mgodi wa shaba wa Miduk uko wilaya hiyohiyo, unalipa mshahara kila mwezi, na mshahara wa mwezi hauna ukame. Bustani za Meymand zinategemea chemchemi na kanati, yale mahandaki ya maji yaliyochimbwa chini kwa chini kutoka mlimani, na miaka mfululizo ya mvua haba imezikausha nyingi katika mkoa huu. Kijana anayepima kuchunga mbuzi wa baba yake na kazi ya mgodini hapimi utamaduni na usasa, kama wageni wanavyopenda kusema. Anapima maji.

Kuna jambo la shule pia. Mtoto akifika umri wa sekondari, mama huhamia naye mjini kuanzia Septemba, na baba hubaki na mifugo. Kaya imegawanyika, lakini bado inachangia matumizi na kula pamoja kila Ijumaa. Karani ataiandika wapi? Ikiandikwa mjini, kijiji kimepoteza watu wanne au watano kwa mstari mmoja wa kalamu, hali mifugo yao ingali inalala Meymand.

Ningefanya nini

Kama ningeulizwa, nisingeanza na kubadilisha mwezi wa sensa. Nchi ya watu zaidi ya milioni 80 haiwezi kupanga kazi hiyo kwa ajili ya bonde moja, na mwezi mwingine wowote ungekikosea kijiji kingine. Ningeanza na kitu ambacho tayari kipo, kile cha ukutani kwa behvarz. Tayari ana majina yote. Kinachohitajika ni safu tatu mbele ya kila kaya: iko wapi masika, iko wapi kiangazi, iko wapi baridi. Mgao wa dehyar katika vijiji vya msimu upimwe kwa kaya zinazotumia eneo la kijiji katika angalau misimu miwili, sio kwa waliokutwa Aban. Sheria ya 1983 hairuhusu tu jambo hilo, bali inalitaja kwa jina, katika yale maneno mawili, kudumu au msimu. Dodoso linalotumika ndilo halikuyafuata.

Kuhusu mamlaka mbili, ningetaka dehyar wa Meymand awe na kiti cha kudumu mezani pa watu wa urithi, chenye kura, na sehemu ya kiingilio cha watalii iende kwenye mfuko wa kijiji ikatengeneze njia za mifugo na kusafisha kanati. Bila njia hizo mbuzi hawafiki Sar-e Aghol. Wasipofika, hakuna atakayekaa huko Machi, na kiche zitafunguliwa kwa ajili ya kupigwa picha tu.

Mwishoni mwa vuli, baada ya karani kuondoka, mifugo huteremshwa bondeni. Mbao za milango husukumwa, sakafu hufagiliwa, na mtu huwasha moto wa kwanza katikati ya chumba. Moshi hupanda, hugonga dari, na kuongeza utando mwingine mwembamba wa masizi juu ya ule wa mwaka jana. Mwenye kiche ya jirani, ambaye mwaka huu yuko mjini na watoto, amemwachia ufunguo, awashe na huko pia.